Sledi ya Doug na Mkono wa Deo

Vijana wa gereji mmenisumbua tangu siku ile mliponikatia keki ya kustaafu, mnataka niandike mambo ya kazi. Nimewajibu mara nyingi kwamba shule yangu iliishia darasa la saba kule Muheza, na kwamba mtu aliyezoea spana akishika kalamu huibana mno mpaka karatasi inatoboka. Hamkusikia. Basi naandika. Nitasema nilichokiona, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona. Mambo ya nani alipanda cheo na nani aliongezwa mshahara siyaweki humu, maana hayajawahi kumsaidia mtu kufungua nati iliyoshika kutu.

Nilifika gereji ile, hapa Toronto, mwanzoni mwa miaka ya tisini, majira ya baridi. Nilishuka basi barabara ya Kipling nikatembea hadi nyuma ya maghala, miguuni nimevaa viatu vyangu vya kanisani kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vizuri. Mwenye gereji, Bwana Amirali, aliniangalia viatu kabla ya kuniangalia uso.

"Umekuja kuzika au kufanya kazi?" akaniuliza, kwa Kiswahili cha Mwanza kabisa.

Nikamwambia nimekuja kufanya kazi.

"Basi vua hivyo. Kuna buti pale nyuma ya mtungi wa gesi. Zilikuwa za mtu mkubwa kuliko wewe, vaa soksi tatu."

Halafu akanipa vitambaa vitatu vyenye oili, akaniambia nifumbe macho, ninuse, nitaje. Cha kwanza nikasema cha injini. Cha pili nikasema cha gia. Cha tatu nikasema mafuta ya kupikia. Kilikuwa cha breki. Akasema, "Umekosea, lakini umekosea bila kutetemeka." Nikaanza kazi siku hiyohiyo. Mpaka leo sijui kama nilifaulu ule mtihani au alinionea huruma kwa ajili ya viatu.

Bwana Amirali alizaliwa Mwanza, akajifunzia ufundi kwenye injini za viwanda vya pamba, akaondoka kule miaka ya sabini. Alikaa Mississauga, mji wa jirani, na kila alfajiri akitoka kusali jamatkhana, msikitini kwao Waismailia, alikuja moja kwa moja gereji, hivyo tulimkuta ameshawasha hita na kutengeneza chai ya maziwa. Alikuwa mwepesi wa kufundisha na mzito wa kusifu. Tulitengeneza malori na magari ya kusambazia mizigo, na sifa yetu hasa ilikuwa tabo, ile konokono ya chuma inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukumie injini hewa. Madereva walikuja kwetu kutoka mbali kwa sababu ya tabo.

Kuhusu kuvuja kwa oili alinifundisha hivi, nami nikawafundisha ninyi, ila nadhani sikuwaambia nilipoyatoa. Oili haikai pale ilipotokea. Inatambaa, inapeperushwa na upepo, inafuata mshono wa chuma na kudondokea mbali kabisa. Mtu akikuletea tone la chini, nawe ukaanza kufungua nati iliyo juu ya tone hilo, umeshapotea. Osha kwanza. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha kwa hewa, futa kwa kitambaa cheupe. Kisha nyunyizia poda ya watoto kila mahali, washa injini, ushike tochi na uvumilie. Mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa ambapo poda inaanza kuloa, hapo ndipo. Gereji yetu ilinukia poda hivi kwamba majirani waliiita wodi ya wazazi. Hatukukasirika.

Na kuhusu tabo yenyewe: beringi zake zinaishi ndani ya oili. Oili inaingia kwa juu ikisukumwa na pampu, inatoka kwa chini ikianguka yenyewe. Ile inayoanguka haitaki kuzuiwa. Ikizuiwa, tumbo la tabo linajaa, na sili zake za kuzuia oili, ambazo si za mpira bali ni pete nyembamba za chuma, zinashindwa. Hapo oili inatokea upande wa hewa, au upande wa ekzosi, moshi wa buluu unajaa, na kila mtu anasema tabo mbovu. Kumbe mara nyingi tabo ni nzima, imelemewa tu. Maneno haya ni mepesi kuyaandika nikiwa nimekaa jikoni kwangu. Wakati ule tuliyajua sote, na hayakutusaidia.

Palikuwa na kanuni nyingine ya Bwana Amirali, na hii lazima niieleze vizuri. Majira ya baridi, mashine yoyote iliyoingia haikuguswa siku hiyo. Ililazwa ndani, karibu na hita, mpaka kesho yake. Alisema chuma kilichoganda ukikilazimisha kinakatika, na ni kweli, katika baridi yake ya kwanza nchi hii alikata bolti ya kichwa cha injini ya mtu na hakuisahau. Lakini niseme na upande wa pili. Sisi sote pale tulitoka nchi za joto. Hakuna aliyetaka kulala chali chini ya lori kwenye saruji yenye barafu. Kanuni ilikuwa sahihi, na pia ilikuwa tamu. Kanuni ikiwa sahihi na tamu kwa pamoja, nani ataihoji?

Deo alikuja kwetu baadaye, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Alitoka Uvira, akapitia kambi ya wakimbizi Kigoma, akafika Toronto peke yake. Alikaa mtaa wa Lawrence Heights, sebuleni kwa binamu yake, na mkewe Furaha na watoto walikuwa bado kambini. Uvira alikuwa fundi wa injini za maboti na malori. Aliniita mukubwa, ingawa sidhani kama nilimzidi sana umri. Nati ikimkatalia aliibembeleza kwa Kifaransa, na ikizidi kukataa aliitukana kwa Kifulero, lugha ya kwao. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mimi nikikaza bolti huwa narudi kuihakiki mara ya pili na ya tatu, kwa sababu sijiamini. Yeye alikaza mara moja akaendelea. Nilimwonea wivu, nakiri, ila ulikuwa wivu wa kumtazama mtu anayecheza mpira vizuri.

Bwana Amirali alimchukua kwa majaribio. Akimaliza majira ya baridi salama, atapewa kazi ya kudumu. Kwa Deo hilo halikuwa jambo dogo. Wakili wake alikuwa amemwambia kwamba kazi ya kudumu ingesaidia faili la kuwaleta Furaha na watoto. Mimi sheria sizijui, nasema alivyoniambia. "Mukubwa," alisema siku moja tukinywa chai, "wengine banahesabu mushahara. Miye ninahesabu theluji. Ikiyeyuka nikiwa hapa, Furaha anakuja."

Sasa Doug. Doug alikuwa msimamizi wa malori ya kampuni moja ya usambazaji, Mkanada wa hapahapa, mtu mwenye kelele na moyo safi. Malori yake ndiyo yaliyotuweka mjini. Mwanzo wa baridi hiyo alikuja akikokota sledi kwenye trela. Ninyi mnazijua: pikipiki ya theluji, mbele ina skii mbili za kutelezea, nyuma mkanda wa mpira. Sisi hatukuwa watu wa sledi. Lakini Doug alikuwa amenunua tabo iliyotumika pamoja na vifaa vyake, anataka kuifunga kwenye sledi yake ili awapite rafiki zake kwenye ziwa lililoganda huko kaskazini. Tabo ilikuwa imelika beringi. Na tabo ndiyo kazi yetu.

Deo aliizunguka ile sledi. "Mukubwa, ile mashini inabebaga nini?"

"Haibebi kitu. Ni ya kuchezea."

"Na mutu akivunjika mguu?"

"Anatengeneza mguu, halafu anairudia."

"Bon," akasema Deo. "Tumusaidie avunjike."

Kazi akapewa yeye. Aliifungua tabo, akaweka beringi na sili mpya, akaifunga kwenye sledi kwa kufuata maelezo yaliyokuja na vifaa. Injini ya sledi ile inachoma oili yake pamoja na petroli, hivyo haina oili ya kuigawia tabo. Kwa hiyo vifaa vilikuja na tangi dogo la oili la tabo peke yake, pampu ndogo ya umeme, mpira wa kupeleka, mpira wa kurudisha, na kimpira kirefu chembamba kilichotoka juu ya tangi, cha kulipumulisha. Kimpira hicho kilipitishwa mbele, chini ya pua ya sledi. Ndivyo mchoro ulivyoonyesha, na Deo akapitisha hapohapo. Tuliiwasha, tukainua mkia wake kwenye stendi mkanda ukazunguka hewani, sauti yake ikatikisa bati za paa. Doug alicheka kama mtoto.

Haikuchukua muda ikarudi. Tumbo la sledi limejaa oili, na Doug anasema ilitoa moshi ziwani mpaka rafiki zake wakampigia honi. Tukailaza ndani. Kesho yake tukaosha, tukanyunyizia poda, tukawasha. Kavu kama unga. Tukaiacha ikinguruma mpaka gereji nzima ikatuuma macho. Kavu. Deo aliifungua tabo hata hivyo, akaangalia kila kitu, akaifunga, Doug akaichukua.

Ikarudi tena vilevile. Doug hakumtukana mtu. Alisema tu, "Sitafuti wa kumlaumu. Sitaki kubeba ndoo ya oili tumboni, basi." Lakini alisema pia kwamba kama tabo ndogo hivi inatushinda, ataanza kuwaza kuhusu zile kubwa za malori yake. Bwana Amirali alisikia hilo. Angekuwa mjinga kutolisikia.

Safari hiyo akanipa mimi niikague kazi ya Deo. Sikupenda, lakini niliifanya kwa haki kadiri ya uwezo wangu. Nilichezesha shafti ya tabo kwa kidole: haikulegea. Nikachungulia mpira wa kurudisha: umenyooka, hakuna mkunjo. Nikapaka oili kidoleni nikanusa: ya tabo, si ya injini. Pete za sili zimekaa sawasawa. Nilirudia, kama kawaida yangu. Nikamwendea Bwana Amirali mezani kwake.

"Sikuona kosa, Mzee."

"Sehemu zote nzima?"

"Nzima."

"Basi kama sehemu ni nzima, kilichobaki ni mkono."

"Mimi sikusema hivyo."

"Hukusema. Ninasema mimi." Akavua miwani akaifuta. "Mhina, niambie kingine. Kama si sehemu na si mkono, ni nini?"

Sikuwa na kingine. Nimesema nitakuwa mkweli kwa kila mtu: swali lake lilikuwa la haki. Fundi yeyote angeuliza hivyohivyo.

Iliporudi mara ya tatu tuliikusanyikia wote. Ilikuwa imelala ndani, chini yake kulikuwa na oili na kidimbwi cha maji. Maji nikayadeki, kwa sababu sledi zote zikiingia ndani zinatiririsha maji, theluji inayeyuka, ndivyo zilivyo. Tukaiwasha. Kavu.

Deo alikaa juu ya ndoo akiitazama. "Bwana Amirali," akasema polepole, "hapa iko muzima. Kule inje njo inagonjwa. Miye sijue sababu. Lakini angalia, hapa haijavuja hata siku moja."

"Mashine si mtoto wa shule, Deo. Haijifanyi kuumwa."

"Sikusema inajifanya. Ninasema haivujake hapa."

"Haivuji hapa kwa sababu hapa haipigwi. Kule mtu anaipiga moto kweli, na kitu kilichofungwa nusu kinafunguka."

"Miye sifungake nusu."

Walikuwa wanaongea kwa upole, hilo ndilo lililonitia hofu. Nikasema, Mzee, kazi yake niliiangalia kwa macho yangu, bolti zote zilikuwa zimekazwa. Bwana Amirali akasema amenisikia. Na alinisikia kweli, sidhani alinipuuza. Ila alikuwa na malori ya Doug kichwani, na sisi wengine wote juu ya malori hayo.

Alimwachisha kazi siku hiyo, baada ya chai. Alimwita pembeni, hakumwaibisha mbele ya watu, alimlipa mpaka mwisho wa wiki. Sikusikia walichosema. Nilimwona Deo akirudi kwenye benchi lake. Alisafisha vaisi ya kubania vyuma, akapanga spana zote kuanzia kubwa mpaka ndogo, akafagia, akakunja ovaroli kama shati la kuvaa ofisini. Nikamsindikiza hadi mlangoni.

"Furaha utamwambia nini?" nikamuuliza, na mara hiyohiyo nikatamani nisingeuliza.

"Nitamuambia theluji haijayeyuka," akasema. Akafunga kofia masikioni akaelekea kituo cha basi.

Bwana Amirali akaifanya ile kazi mwenyewe. Alinunua moyo mpya wa tabo, na beringi na sili zake zote, akaufunga kwa mikono yake, ile mikono ambayo sote tulijifunza kwayo. Akanyunyizia poda, kavu. Doug akaichukua. Niliomba Mungu isirudi, kwa ajili ya gereji. Halafu nikajikuta naomba irudi, kwa ajili ya Deo. Sijui ombi lipi lilisikilizwa, au kama hayo ni maombi ya kumpelekea Mungu.

Ikarudi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, moja kwa moja kutoka ziwani, Doug amechoka hata kukasirika. Milango yote ya gereji ilikuwa imezibwa, ndani kuna malori yaliyofunguliwa gia, hakuna hata upenyo wa baiskeli. Doug akasema hawezi kungoja, trela anaihitaji. Kwa hiyo nilivaa koti na glavu nikaifungulia palepale juu ya trela, uani, kwenye baridi ya kukata masikio. Haikuwa akili. Ilikuwa kukosa nafasi. Ingekuwapo nafasi ningeiingiza ndani kama siku zote.

Nilianza na tangi la oili nipime kiasi. Nilipolegeza kifuniko, kikanirukia mkononi na kutoa pumzi, psss, kama soda. Tangi lile halikutakiwa kuwa na presha hata kidogo. Kile kimpira chembamba ndiyo kazi yake hiyo, kulipumulisha. Nikakifuata kwa mkono mpaka chini ya pua ya sledi, kule upepo unakopiga. Mwisho wake ulikuwa mgumu kama mfupa. Nikaukata kwa kisu. Ndani palikuwa na barafu ya rangi ya chai ya maziwa, imejaa na kuziba kabisa.

Mnaelewa kilichotokea. Oili ya moto inapumua, na pumzi yake ina unyevu. Huko ziwani unyevu ulifika mwisho wa kimpira ukaganda, kidogokidogo, mpaka ukaziba. Tangi likajaa presha, oili ya tabo ikakosa pa kurudi, tumbo la tabo likajaa, sili zikashindwa. Kila safari ililetwa kwetu imeziba. Na kila safari tuliilaza karibu na hita, barafu ikayeyuka ikawa kidimbwi, nami nikakideki. Asubuhi tunaiwasha, ni nzima. Fundi aliyezaliwa hapa, aliyeona tangu utotoni mabomba ya nyumba yakiziba kwa barafu, pengine angewaza hilo mapema. Pengine asingewaza. Sisi wa Muheza, Mwanza na Uvira tulijua tope linaziba bomba, kutu inaziba, nyigu wanajenga humo wanaziba. Kwamba pumzi ya mashine yenyewe inaweza kuiziba mashine, hilo halikuwa kichwani mwa yeyote kati yetu.

Nikamwita Bwana Amirali. Akaja bila koti. Nikamwekea kile kipande kwenye kiganja. Alikishika akikitazama mpaka kikayeyuka chote kati ya vidole vyake. Doug akauliza kama ni kitu kibaya. Nikamwambia hapana, ni kitu rahisi. Na kilikuwa rahisi: tuliweka mpira mpana zaidi, mfupi, tukaugeuzia nyuma karibu na joto la ekzosi. Doug hakurudi tena kwa ajili ya oili.

Bwana Amirali aliingia ndani akakaa kwenye ile ndoo aliyokuwa akikalia Deo. "Mimi nilipofunga kwa mkono wangu, nayo ikavuja," akasema. "Hata kama usingeipata hiyo barafu, hilo peke yake lilitosha kunijulisha kwamba haukuwa mkono wa Deo."

Tukaanza kumtafuta. Pale kwa binamu alikuwa ameshahama. Nikaenda Jumapili kwenye kanisa la Wakongomani kulekule Lawrence Heights, nikakaa ibada nzima, na kwaya zao mnazijua haziimbi wimbo mmoja. Mama mmoja akaniambia Deo yuko kiwanda cha plastiki karibu na uwanja wa ndege, alianza kwa kupelekwa na wakala wa vibarua siku moja hapa siku moja pale, mpaka wakamchukua. Bwana Amirali akasema tutakwenda wote wawili, na kwamba atazungumza yeye.

Tulimsubiri getini saa ya chakula. Deo alitoka amevaa kofia ya wavu kichwani. Akanikumbatia mimi, akampa Bwana Amirali mkono kwa heshima zote.

"Ile sledi imepona," akasema Bwana Amirali.

"Ilikuwa na nini?"

Bwana Amirali akanitazama, nikaeleza mimi. Deo alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye kimpira alinikatiza: "Ulikata wapi? Mwisho kabisa, ao katikati?" Nikamwonyesha kwa vidole. "Na tangi ilitoa upepo?" Ilitoa. Akaanza kucheka, kicheko cha kweli, akajipiga paja. "Alors ilikuwa inakosa pumzi. Masikini. Siye tunaipaka poda." Kwa muda ule mfupi alikuwa fundi tena, nasi tulikuwa gereji.

Halafu Bwana Amirali akasema, "Deo, nilikuonea. Rudi kazini. Hakuna majaribio tena, ni kazi ya kudumu kuanzia Jumatatu."

Deo akarekebisha ile kofia ya wavu. "Hapa wamenipa permanent," akasema. "Wakili ameshapeleka karatasi. Nikiacha, anaanza upya."

"Mimi nitamwandikia wakili."

"Asante, Bwana Amirali." Akatazama chini, akatazama getini. "Nikuulize kitu kimoja. Mashini ingine ikija, ikivuja, na tusijue sababu. Utaangalia mashini, ao utaniangalia miye?"

Mtu mwingine angejibu papo hapo. Angesema mashine, Deo, mashine bila shaka, na huenda Deo angevua ile kofia ya wavu. Bwana Amirali hakuwa mwongo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, na alipokuwa bado anafikiri honi ya kiwanda ikalia. Deo akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichouliza. Akatuaga vizuri. Akaingia.

Tulirudi kwa gari. Kwenye taa nyekundu ya barabara ya Islington Bwana Amirali akasema, "Nilitaka kusema mashine."

"Najua, Mzee."

"Lakini ningejuaje?"

Mliofanya kazi nami mmeniona nikitoka nje kwenye baridi kuwasha mashine hukohuko, mkanicheka. Hilo nililijifunza, ni jambo la mpira na barafu. Lile jingine, la kujua utamtazama nani pale ambapo hujui kitu, sijui kama nimejifunza. Nimekuwa msimamizi wenu miaka mingi. Ninyi ndio mtasema.

Furaha na watoto walikuja, ilichukua miaka. Deo alitualika Lawrence Heights, mimi na Bwana Amirali, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kutembelea fimbo. Tulikula sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Deo alitutambulisha mezani: hawa ni watu niliofanya nao kazi nilipofika. Binti yake mkubwa, aliyekuwa mchanga baba yake alipoondoka kambini, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Akatuuliza ilikuwa kazi gani.

"Gereji," nikamwambia. "Baba yako alikuwa fundi. Fundi kutuzidi sote."

Akageuka kumtazama baba yake kwa mshangao, akamuuliza kwa Kiingereza kama ni kweli, mbona hajawahi kumwona ameshika hata bisibisi.

"Zamani," akasema Deo. "Kidogo tu." Akavuta sahani ya Bwana Amirali akamwongezea samaki.